Kaburi Nililochimba Kinyume

Mchanga wa Garissa haupendi kusimama. Hilo ndilo la kwanza ninalowaambia, ninyi wawili mliorithi sururu na beleshi langu, na ninyi vijana wa kanisa mlioniomba niandike habari za kazi yangu kabla sijazisahau. Ukichimba mchanga mkavu asubuhi, kufika saa nne kuta zimekuangukia magotini, na ukiendelea kwa ubishi utatolewa mle ndani kwa kamba. Mwagia maji jioni ya kuamkia kazi. Madumu sita, si mawili. Mwaga taratibu, uache yanywewe. Asubuhi mchanga utakuwa umeshikana kama ugali uliolala, na utakata ukuta ulionyooka kama wa nyumba.

Nimechimba makaburi ya Wakristo wa mji huu tangu nikiwa kijana hadi mwaka jana, kwanza nikiwa mtu wa baraza la mji, kisha wa kaunti. Nilitoka Mwingi na darasa la saba na haya nyingi. Mtu akiniuliza njia nilikuwa naonyesha kwa kidole ili nisiseme. Kazi hii ilinifaa kwa sababu wengi niliowahudumia hawakuwa na swali. Naandika polepole, kwa hiyo nisomeni polepole vilevile.

Msidhani ni kazi ya kila siku. Mkristo akifariki Garissa, kitu cha kwanza kutafutwa ni gari la kumpeleka kwao. Mwalimu wa Kisii anarudi Kisii, polisi wa Meru anarudi Meru. Wanaobaki hapa ni watoto wachanga, watu ambao jamaa zao hawakupatikana, na wachache waliosema kwa vinywa vyao: mimi nizikeni hapa. Siku nyingine zote utakuwa unapigana na mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukaishia kuzuia kila kitu. Mizizi yake hushuka chini kuliko kaburi lolote. Usiupige mzizi kwa sururu, mpini utavunjika. Ufukue pande zote, kisha uukate kwa shoka.

Kamba iwe ya katani. Siku moja nilitumia ya nailoni kwa sababu ilikuwa mpya na inang'aa. Wabebaji walikuwa na jasho mikononi, kamba ikateleza upande wa miguuni, na jeneza la mzee mmoja mwenye duka likatangulia chini kabla mchungaji hajamaliza sala. Mjane wake akachungulia shimoni, akasema, "Mwacheni tu. Hata harusini kwetu alifika kabla ya kuitwa." Tangu siku hiyo natumia katani, nami huilowesha kidogo ili isikate viganja.

Nitawaambia pia kwa nini niliacha kuimba nikichimba. Palikuwa na kona upande wa kusini ambayo haikuwa na msalaba wala kichuguu, nikaona ni ardhi ambayo haijaguswa. Nilipofika kina cha kiuno, beleshi likatoa kifungo. Cha shaba, kama vya makoti ya askari wa zamani. Nikapiga magoti nikafukua kwa vidole. Nusu shubiri kutoka hapo palikuwa na kifungo cha pili, kisha cha tatu. Vilikuwa vitano, vimepangana mstari mmoja kutoka shingoni mpaka tumboni. Hapakuwa na mfupa, hapakuwa na nguo, hapakuwa na hata kipande cha ubao. Mchwa na udongo walikuwa wamemaliza yote. Vifungo vilikuwa bado vimefungwa, ila koti halikuwepo.

Nilikaa ukingoni nikavitazama mpaka jua likanichoma shingo. Tunaposema ufufuo kanisani, wengi hufikiri mtu anayeamka, anajinyoosha, anatafuta viatu. Mimi niliona kilichobaki. Na bado naamini kwamba askari yule ataitwa kwa jina alilopewa na mama yake, na ataitika. Hataitika mtu anayefanana naye. Ni yeye mwenyewe, na sauti yake, na mwendo wake. Mtu asiyetetemeka kidogo anapolisema jambo hilo, nadhani hajalisikia bado. Nilivirudishia mchanga kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule, nikaenda kuchimba kwingine.

Sasa niwaeleze mwelekeo, maana hapo ndipo nilipokosea.

Katika kanisa letu maiti hulazwa chali, kichwa magharibi, miguu mashariki. Sababu yake ni tumaini. Siku ile, mtu akiketi tu kaburini, awe ametazama mapambazuko, upande ambao wazee wetu walitufundisha kwamba Bwana atatokea. Majirani zetu Waislamu humlaza mtu wao kwa ubavu wa kulia, uso uelekee Kibla, na kutoka hapa Garissa Makka iko kaskazini moja kwa moja. Ukimlaza mtu kwa ubavu wa kulia akitazama kaskazini, kichwa chake kinakuwa mashariki. Kwa hiyo makaburi yao na yetu yamenyooka mstari mmoja. Mpita njia haoni tofauti yoyote. Tofauti ni kichwa kiko upande gani tu.

Aliyenifundisha kuchimba ni Mzee Hirsi, Mungu amrehemu. Alikuwa mfanyakazi wa baraza, Msomali wa hapahapa, akitunza viwanja vyote viwili, cha kwao na cha kwetu, na ua wa miiba katikati. Siku ya kwanza alinitazama nikikwaruza mchanga, akaweka bakora chini, akaniita "warya", yaani kijana kwa Kisomali.

"Warya, wewe nachimba ama natafuta sindano?"

"Nachimba, mzee."

"Basi chimba. Bole bole, lakini chimba. Mguu weka hapa. Mgongo wacha lala, tumia paja."

Kwa kuwa upande wetu mazishi yalikuwa machache, miezi yangu ya kwanza nilikuwa zaidi upande wao. Jamaa wa marehemu walichimba wenyewe. Mimi nilimsaidia Hirsi kupima, kupigilia kigingi cha kichwani na kutoa mchanga. Kule maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri ameshazikwa, kwa hiyo mkono hujifunza kufanya haraka bila kuuliza kichwa. Mkono wangu ulijifunza hivi: kigingi, mashariki.

Ndipo akafariki Mwalimu Damaris.

Alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule moja mtaa wa Iftin. Nusu ya vijana wenye maduka pale walishikwa mkono naye kuandika majina yao. Mume wake, Musyoka, alikuwa fundi wa pampu za visima. Siku mkewe alipoanguka darasani, yeye alikuwa Bute, kule Wajir Kaskazini, ndani ya kisima, na habari zilimfikia kesho yake. Alisafiri kwa lori la mbuzi. Ukoo wake kutoka Machakos ulikuwa umeshafika, nao walitaka mwili urudi nyumbani. Musyoka alishuka kwenye lori na vumbi likiwa limeganda kwenye kope, akawajibu palepale barabarani.

"Damaris alisema hapa."

"Musyoka, mke wa ukoo hazikwi ugenini."

"Anayewaita wafu hataulizia njia ya Machakos," akasema. "Alisema hapa."

Lilikuwa kaburi langu la kwanza peke yangu, maana Hirsi alikuwa ana homa. Nilimwagia maji, nikakata kuta, nikapanua upande wa mabega kama desturi, nikapigilia kigingi. Nilijisifu moyoni. Mazishi yalichelewa kwa kumngoja mume, na mhubiri alikuwa mgeni kutoka bara. Tulifika makaburini saa sita kamili. Sisi tuko karibu na ikweta, na saa sita jua hukaa utosini, mtu hana kivuli. Huwezi kujua mashariki kwa kutazama juu. Wabebaji wakaniuliza, "Kichwa wapi?" Nikaonyesha kwa kidole.

Kabla ya kumshusha, Musyoka aliomba jeneza lifunguliwe amwone. Wazee wa kanisa wakamvuta pembeni. Siku tatu zilikuwa zimepita, na joto mnalijua. Walimwambia ni afadhali abaki na uso anaoukumbuka. Alisimama kidogo, akakubali kwa kichwa.

"Basi nitamwona siku ile," akasema.

Kesho yake saa moja asubuhi nilikwenda kusawazisha mchanga. Jua lilikuwa limetoka tu. Misalaba yote ilikuwa imetupa vivuli nyuma yake, nje ya makaburi, kwa sababu msalaba husimama kichwani na kichwa kiko magharibi. Msalaba wa Mwalimu Damaris peke yake ulikuwa umelaza kivuli juu ya kaburi lake, toka mwanzo hadi mwisho.

Nilielewa kabla sijafika. Nilikuwa nimemlaza mwalimu wetu kichwa mashariki. Siku ile ataketi akiwa amempa Bwana mgongo.

Mngekuwa ninyi mngekimbia kwa mchungaji. Mimi nilifikiri habari za watu wa Machakos, nikafikiri habari za baraza, na zaidi nikafikiri kusimama mbele ya Musyoka nikifungua mdomo. Niling'oa msalaba nikaupeleka upande wa pili, miguuni. Nikaushindilia, nikafagia nyayo. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Sasa kaburi lilifanana na mengine yote.

Mzee Hirsi alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, amejifunga shuka kwa sababu ya homa.

"Warya Kilonzo. Msalaba natembea?"

Nilifagia tena.

"Mimi nimeona. Wewe nang'oa huku, nachimbia kule. Sema."

Nikamwambia yote. Kwanza alicheka mpaka akakohoa. "Yaani wewe nazika mwalimu kama Msomali." Kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Makosa ni yangu pia," akasema. "Mimi ndio nafundisha mkono yako."

"Atafufuka akiangalia nyuma, mzee."

"Sikia. Hata sisi nangoja Kiyama. Mungu anaokota mtu kwa mchanga, kidogo kidogo, mpaka kucha. Halafu kumgeuza ndio nashinda yeye?" Akavuta shuka. "Hiyo ya kichwa wachia Mungu. Lakini hiyo msalaba Mungu hajahamisha. Ni wewe. Enda ambia bwana yake."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Nitamwambia, adeer," nikasema, nikimwita baba mdogo kwa Kisomali chake.

Sikumwambia siku hiyo, wala mwezi huo. Hirsi aliniuliza mara tatu, kisha akaacha kuniuliza, na hilo la kuacha lilinichoma kuliko kuulizwa.

Musyoka alikuja kila Jumapili aliyokuwa mjini, baada ya ibada. Alibeba kibao kidogo cha kukalia, akakiweka karibu na msalaba, akainama, akazungumza. Wakati mwingine alicheka. Wakati mwingine alinyamaza kama anayesikiliza jibu. Akiondoka alinipa mkono. "Kilonzo, ulimlaza vizuri. Akiinuka huyu ataliona jua kabla yetu sote." Nilikuwa natafuta kitu cha kufagia.

Mara moja nilijaribu kupitia kwa mchungaji. Nilimwuliza, kwa mbali, kama mtu aliyezikwa vibaya anaweza kufufuka vizuri. Akanishika bega kwa huruma, akaniambia hata wale waliomezwa na mamba wa Tana watatolewa tumboni mwao wakiwa wazima. Nilimshukuru. Sikuwa nimeuliza habari za mamba. Lakini nilikwenda nyumbani nikiwaza mamba, na mto, na mafuriko yaliyofukua makaburi ya kule chini tukaokota tulichoweza kuokota, nikaona kwamba Hirsi alikuwa amesema kweli. Kwa Mungu kosa langu lilikuwa dogo. Kwa Musyoka halikuwa dogo.

Miaka ikaenda. Baraza likawa kaunti. Tulipewa glavu, zikapotea, tukapewa nyingine. Watu walianza kupiga simu badala ya kutuma mtu, na vijana wakapima kaburi kwa mita ya chuma. Mita ni nzuri, lakini chukueni na kamba yenye mafundo mkapime jeneza lenyewe pale mabegani, kwa sababu seremala atakuambia kipimo anachokumbuka. Musyoka naye akawa Mzee Musyoka. Kibao chake kikawa kinabebwa na mjukuu wake, Mwende, msichana wa chuo, mwenye maneno ya Nairobi na macho ya bibi yake.

Mwaka juzi walikuja siku isiyo ya Jumapili. Mzee alikuwa amekonda, moyo ulikuwa unamsumbua, na kila hatua tano alisimama kuvuta pumzi. Aliketi kwenye kibao, akaniita.

"Kilonzo, daktari ameniambia nijipange. Nataka nafasi hii hapa, kando yake. Unilaze kama yeye alivyolala, bega kwa bega. Siku ya mazishi sikumwona uso, unakumbuka. Nataka nikiketi nigeuze shingo tu, nimwone."

Nilitazama nafasi aliyoionyesha. Nikimchimbia kwa desturi, kichwa chake kingekuwa miguuni pa mkewe, na angegeuza shingo asione kitu. Nikimchimbia kinyume kama yeye, angelala na uongo wangu mpaka siku ya mwisho, na mimi ningekwenda kuueleza mbele ya wote wawili. Hirsi alikuwa ameshafariki. Hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyejua. Ningeweza kunyamaza, na niwaambie kweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, "Sawa, mzee."

"Mzee," nikasema, "hapo si kichwa."

"Hapo wapi?"

"Penye msalaba. Hapo ni miguu."

Akanitazama bila kuelewa. Nikamweleza: Hirsi, kigingi, saa sita, vivuli vya asubuhi, msalaba nilioung'oa. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa pumzi moja. Nilipomaliza, aliyeongea alikuwa Mwende.

"Ati ulijua?"

"Nilijua."

"Kila Sunday babu anakuja hapa, na hii jua. Ulikuwa unamwona akiongea hapo. Ukasimama tu."

"Nilisimama."

"Wewe ni mtu wa aina gani?"

Mzee Musyoka alikuwa ameinamisha kichwa, ametazama mchanga kati ya viatu vyake.

"Kwa hiyo," akasema, "miaka yote hii nimekuwa nikiinong'onezea miguu."

"Ndiyo, mzee."

"Mengine yalikuwa mambo ya siri."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwende akamshika akidhani ni moyo, kumbe alikuwa anacheka. Kisha hakuwa anacheka tena. Tulimwacha alie. Alipojipangusa akasema apelekwe upande wa pili. Alitembea kando ya kaburi, fimbo ikigusa kichuguu, polepole, kama anayemfuata mtu aliyelala ili asimwamshe. Alipofika kichwani alipiga magoti, na kwa mtu wa hali yake haikuwa kazi ndogo. Akaweka kiganja juu ya mchanga. Akataja jina lake tu, "Damaris," na mimi na Mwende tukasogea mbali.

Sijui alikaa pale muda gani. Alipotuita sauti yake ilikuwa ya fundi, ile ya mtu aliyegundua mahali pampu ilipokwama.

"Kilonzo. Miguu yake imeelekea wapi?"

"Magharibi, mzee."

"Akiketi atatazama kule." Alinyoosha fimbo kuelekea kichaka cha mathenge kilichokuwa nyuma ya msalaba.

"Atatazama kule."

"Kuna mtu amezikwa kule?"

"Hakuna. Ni mathenge tu."

"Nichimbie kule."

Nilidhani amechoka, anasema ovyo. Akaona, akanieleza kama anavyoelezwa mwanafunzi. "Si kando yake. Miguuni pake, mstari mmoja naye. Mimi unilaze kwa desturi, kichwa magharibi, miguu mashariki. Nyayo zangu zielekee nyayo zake. Sasa niambie. Yeye akiketi na mimi nikiketi, nani atamwona nani?"

Nywele zilinisimama mikononi, na jua lilikuwa kali.

"Mtaonana," nikasema.

"Uso kwa uso. Kitu cha kwanza."

Mwende alikuwa bado na hasira, lakini alikuwa anafikiri. "Na Yesu je, babu? Si atakuwa nyuma yake?"

"Atakuwa nyuma yake. Mimi nitamwona bibi yako, halafu juu ya bega lake nitamwona Bwana anakuja. Nami nitamwambia, Damaris, geuka." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemwambia mtu chai iko tayari. "Yule Mariamu wa bustanini, asubuhi ile, si alikuwa anatazama kaburi analia, na Bwana amesimama nyuma yake? Alikosa nini? Aligeuka tu."

Nimekaa na wafu maisha yangu yote. Nimesikia mahubiri ya mazishi mengi kuliko wachungaji wengi. Sijawahi kusikia ufufuo ukisemwa na mtu anayeupangia mahali pa kukaa, kwa fimbo, akipima kwa jicho. Nilitazama kile kichaka cha miiba na kwa mara ya kwanza nikakiona kama mahali ambapo jambo litatokea.

"Msamaha nitauomba wapi, mzee?" nikamwuliza.

"Umeshauomba. Sasa rudisha msalaba mahali pake. Leo, usingoje nife."

Tuliurudisha. Mwende aliushika wakati mimi nashindilia. Hakunitazama, ila aliushika wima kabisa, akafumba jicho moja kuhakikisha.

Kichaka kile kilinichukua wiki nyingi. Nilikuwa nimebakiza miezi michache kustaafu, na vijana wa kaunti walinishangaa nikiamka alfajiri kufukua mizizi mahali ambapo hakuna aliyeagiza. Mmoja wenu alinisaidia kubeba miiba, anajua mwenyewe. Mzee Musyoka alikuja mara mbili kuketi kwenye kibao na kunisimamia. "Mzizi huo umeuacha," alisema. "Nitajikwaa."

Alifariki mwanzo wa mvua. Niliomba azikwe asubuhi, wakati vivuli viko, na sikumpa mtu mwingine sururu. Ardhi ya kule ilikuwa ngumu, udongo mwekundu chini ya mchanga, na mgongo wangu hausahau. Nilipigilia kigingi magharibi. Nikakishika kwa mkono, nikalitazama jua, nikakishika tena. Wabebaji waliponiuliza kichwa wapi, nilijibu kwa mdomo, na kila mtu alisikia.

Ukoo wa Machakos ulikuja. Mzee mmoja wao alitazama makaburi mawili yaliyofuatana kama mabehewa, akatikisa kichwa.

"Mke na mume hulazwa bega kwa bega. Huu ni utaratibu wa wapi?"

Nilikuwa tayari kueleza kosa langu mbele ya watu wote. Mwende akanitangulia.

"Bega kwa bega wangetazama mbele wote wawili, mzee," akasema. "Hivi wataonana."

Yule mzee alitazama msalaba mmoja, akatazama mwingine, kisha akavua kofia.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Kati ya kaburi na kaburi tunaacha hatua moja. Mnalijua. Kati ya miguu ya Mwalimu Damaris na miguu ya Mzee Musyoka nimeacha hatua tatu. Mkipita na mita yenu mtaona ni makosa ya mzee aliyechoka. Nafasi zinapungua, na itakuja siku mtu aliyefiwa na mtoto atasimama pale na kusema kwamba pale panamtosha mwanawe, na kwa kipimo atakuwa amesema kweli. Mhurumieni, mkamchimbie vizuri upande wa kaskazini, mmwagie maji ya kutosha jioni yake. Pale msichimbe. Niliacha nafasi ya watu wawili kusimama, na mmoja wao kugeuka.